Radhi Alizoninyima Mama

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wenye salamu nyingine nawapokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti ameniomba niongee taratibu na nisizunguke sana. La kwanza nitajaribu. Kuhusu la pili, mnaonijua mnajua tatizo langu.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Ukinitumia ujumbe wa "sawa" bila neno jingine, nakaa asubuhi nzima najiuliza nimekukosea nini. Chuoni nilisomea takwimu, na shahada ile haikunipunguzia mawazo. Ilinifundisha tu kuyachora kwenye karatasi.

Sitasema mengi kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi humu tumepita mlango huohuo. Nilikutwa na saratani ya utumbo mpana nikiwa bado sijatimiza miaka thelathini. Kwa muda mrefu nilidhani ni bawasiri, nikanywa mizizi, nikaona aibu kumwambia mtu. Nilipasuliwa Dar es Salaam, wakaondoa kipande cha utumbo, kisha nikawekewa dawa za mishipani, zile ambazo ukigusa kitu cha baridi vidole vinashtuka kama umeshika waya wa umeme. Naona mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, anazijua. Nikamaliza. Daktari akanipa mkono, akasema kuanzia sasa tunafuatilia tu.

Hakuna aliyenionya kuhusu hilo neno, kufuatilia. Wakati wa dawa mtu una kazi: unaenda, unatundikiwa chupa, unatapika, unarudi. Ukishamaliza, kazi yako ni kungoja. Kila baada ya miezi kadhaa nilitolewa damu wapime kitu kinachoitwa CEA. Kwa nilivyoelewa mimi, ni kitu kinachokuwemo kwenye damu, na uvimbe wa aina yangu unaweza kukiongeza. Kikiwa chini wanafurahi. Kikipanda wanaangalia zaidi. Mara za mwanzo kilikuwa chini, nikarudi Kibiti kufundisha kwa kujitolea sekondari. Nikanenepa. Nikaanza hata kupanga kuoa, ingawa mhusika nilikuwa sijamwambia.

Safari moja hospitali waliishiwa dawa za kupimia, nikaelekezwa kwenye maabara nyingine hukohuko mjini. Nikatoa damu, nikarudi zangu. Baada ya siku chache nikaona ujumbe wa muuguzi kwenye simu: "Habari kaka, naomba unipigie ukipata nafasi."

Ndugu zangu, ule ujumbe niliusoma kama mtu anayesoma wosia. Kwa nini "kaka", wakati siku zote ananiita mwalimu? Kwa nini "ukipata nafasi"? Kama ni jambo zuri, si angeliandika palepale? Nilipompigia akasema kipimo kimepanda, karibu mara mbili ya kile cha nyuma, na daktari anataka nirudi wiki ijayo tupime tena na nipigwe picha ya CT scan. Akaongeza kwamba nisiwe na wasiwasi. Mtu akishaniambia mimi nisiwe na wasiwasi, ndipo ninapojua wasiwasi wenyewe uko wapi.

Nikaingia mtandaoni. Wenzangu mmewahi kuingia, sina haja ya kuwasimulia. Halafu nikachukua karatasi, nikaweka nukta za vipimo vyangu vyote, nikaziunganisha, nikapiga rula, nikaurefusha mstari mpaka ukatoka nje ya karatasi. Nikatazama pale ulipotokea nikasema, basi, mimi nafia hapa. Mwanafunzi wangu angenichorea mstari kama ule kwa nukta chache vile ningemnyima alama. Lakini mtu ukishaogopa, ulichosoma nacho kinakugeuka.

Siku ya miadi ilipofika nilifunga begi, nikaenda stendi, nikasimama mbele ya basi la Dar. Utingo akaniuliza kama napanda au nimekuja kumsindikiza mtu. Nikamwambia namsindikiza mtu. Nikawaza hivi: nisipopimwa, haijawa kweli. Nikipimwa ndiyo basi. Nikageuka, nikatafuta gari la Nyamisati, nikapanda boti, nikavuka kwenda nyumbani kisiwani. Kwa mkuu wa shule niliomba ruhusa ya mambo ya kifamilia. Mama naye nikamwambia shule wamenipa mapumziko.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi. Niliona kwa kuwa mambo yameshakwisha, kilichobaki ni kuondoka vizuri. Na sisi kwetu mtu haondoki bila kuombana radhi na watu. Basi nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. "Shikamoo bibi. Kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi." Bibi ananisamehe, ananiombea dua, naondoka naelekea nyumba ya pili. Mjomba wangu yuko Mloka, yeye nilimpigia simu. Alikuwa shambani analinda mahindi, akasema amenisamehe yote, niseme haraka, tembo wanakuja.

Hakuna hata mmoja niliyemwambia sababu. Mtu mzima na afya yake, amenenepa, anapita kuomba radhi kijiji kizima. Nyie mngedhani nini? Walidhani nakwenda Maka kuhiji, maana anayekwenda kule naye huaga hivyohivyo.

Habari ikatembea kuliko mimi. Jirani yetu mmoja akaniletea chupa tupu, safi, yenye mfuniko mpya, ya maji ya zamzam. Mzee wa msikitini akaniuliza kama anitangaze Ijumaa ili watu waniombee safari. Yupo fundi mmoja wa mitumbwi, mtani wetu wa ukoo, yeye alinisimamisha njiani mbele za watu. "Mwalimu wa kujitolea unakwenda Maka," akasema. "Huko nako wanakwenda kwa kujitolea?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Sikukanusha. Kuitwa hujaji kulikuwa rahisi kuliko kusema neno lile lililokuwa kifuani.

Mama nilimweka wa mwisho. Nadhani mnaelewa kwa nini.

Nilimkuta uani anapeta mchele. Nikakaa kwenye kibao mbele yake.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

Hakuinua kichwa. "Nilikuwa nangoja zamu yangu. Kijiji umekimaliza. Maka unakwenda na nani?"

"Siendi Maka."

"Najua huendi. Nauli ya mwisho ya Kibiti nilikupa mimi. Sema kilichokuleta."

Nikamwambia. Kipimo kimepanda. Nikamweleza mstari, rula, kila kitu, nikaongea kama mtu anayetapika. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Hospitali wamesemaje?"

"Nirudi wapime tena."

"Umerudi?"

"Bado."

"Siku waliyokupa imefika?"

"Imepita."

Akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga. Kisha akasema neno moja.

"Sikupi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama ananinyima radhi? Katika mawazo yangu yote, na niliwaza mengi, hili sikuwa nimeliwaza.

"Radhi za kuishi unazo tangu nilipokuzaa," akasema. "Za kuagia sikupi. Mtu anaaga ameshajua anaondoka. Wewe nani kakwambia unaondoka?"

"Mama, ile nambari..."

"Nambari ndiyo ilikwambia upite ukiaga watu? Daktari kakwambia urudi kwake. Hao waliokusamehe ni watu wema, Mungu awalipe. Mimi si mtu mwema. Mimi ni mama yako. Nenda kapimwe. Likitoka jibu, liwe lolote, hapo tutaongea habari ya radhi."

Nilikasirika, sitawaficha. Nikatoka nikatembea mpaka kwenye mikoko nikiwa nimefura. Lakini nilipokuwa nimesimama kule nikagundua kitu: tangu siku ya ule ujumbe, ilikuwa mara ya kwanza kifua changu kupumua hadi chini. Kila aliyenisamehe alikuwa amenisaidia kufunga mizigo bila kujua. Huyu mmoja alikuwa amekaa mlangoni, amekataa kunipisha. Nilirudi nikampigia simu muuguzi. Nikamwambia ukweli kwamba sikuja kwa sababu niliogopa. Hakunigombeza. Akasema, "Njoo tu, mwalimu, tunakungoja."

Mama akasema tunakwenda wote. Na akanipa sharti moja. "Waza, sikukatazi, maana siwezi kukukataza. Ila waza kwa sauti, nami nisikie."

Basi tukiwa kwenye boti nikaanza. Injini inanguruma, mama hasikii, ananiambia nirudie. Nikarudia. Bado. Mwishowe nikapaza sauti, "Nasema je, kama imeshaingia kwenye ini?" Na injini nayo wakati huohuo ikapunguzwa mwendo. Boti nzima ikanigeukia.

Nikatamani maji yanimeze. Lakini mwanamke mmoja aliyekaa juu ya gunia la dagaa akasema pole baba, dada yake naye huenda kupimwa hukohuko, na kila safari hulia njia nzima, akirudi anauliza nyumbani wamepika nini. Mzee mwingine akataka kujua ini liko upande gani. Wakabishana wao wenyewe, kulia au kushoto, mpaka tukafika Nyamisati. Nawaambia, lile wazo lililokuwa limenikaba siku zote zile lilifika bandarini likiwa limechakaa. Kila mtu alikuwa ameligusa.

Dar walinitoa damu hospitali yenyewe, wakanipiga picha, wakasema tungoje majibu. Tulikaa kwa shangazi yangu. Niliwaza kwa sauti asubuhi na jioni. Mama alijibu mengine, mengine aliitikia "mmh" tu, na mara moja alisinzia katikati ya wazo ambalo mimi niliona ndilo zito kuliko yote. Nilipomwamsha akasema, "Endelea, nilikuwa nimefika kwenye mazishi."

Tulipoitwa nilikuwa nimejiandalia maswali mengi. Nilipoingia nikauliza moja.

"Daktari, imerudi au haijarudi?"

Daktari akageuza kioo cha kompyuta nikaona. Kipimo kilikuwa chini, palepale kilipokuwa zamani. Picha ilikuwa safi. Akanieleza kwamba maabara mbili zinaweza kutumia mashine tofauti na zikatoa majibu yasiyolinganishika, ndiyo maana hupenda mtu apimiwe palepale kila mara. Na kwamba hata kwenye mashine moja kipimo hiki huweza kupanda kwa mambo mengine yasiyo saratani, kwa hiyo kupanda mara moja ni sababu ya kuangalia tena, si hukumu. Kisha akasema jambo ninalolishukuru mpaka leo, kwa sababu hakunipaka mafuta. "Siwezi kukuahidi kwamba haitarudi kamwe. Nakwambia leo tumeitafuta na hatuioni. Na kama ingekuwa imerudi, siku uliyokimbia ndiyo ungeihitaji zaidi."

Tukatoka. Kwenye korido nikakaa kwenye benchi. Mama akakaa pembeni, akarekebisha mtandio. Nikamwambia, "Sasa mama, jibu limetoka. Nipe radhi zangu."

Akanigeukia kama anashangaa. "Za nini tena? Kwani unakwenda wapi?"

Hapo ndipo nililia. Na yeye akalia, akisema ni vumbi la Dar.

Nyumbani nilirudi kupita zile nyumba zote kueleza kwamba siendi Maka na wala sifi, kwa sasa. Ilikuwa aibu, lakini ya kuchekesha. Jirani alichukua chupa yake, akaitia mafuta ya nazi, akanirudishia. Mtani wangu wa mitumbwi ndiye aliyenishika shati. "Nilikusamehe nikijua unaondoka," akasema. "Kama unabaki, nirudishie msamaha wangu, yako mambo bado nakudai." Na baada ya pale, mmoja mmoja, watu wakaanza kuniambia kwa chini: na mimi natokwa na damu nikienda haja, na mimi niliambiwa nirudi sikurudi. Kwenye zile nyumba zote nilizoomba radhi, kumbe tulikuwa waoga wengi.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Nawashukuru muuguzi na daktari wangu, shangazi aliyetulaza, abiria wa boti ile ambao hata majina yao sijui, na nyinyi wa kikundi hiki mnaoniruhusu kuwaza kwa sauti kila tunapokutana, hata mkichoka. Mama yangu hayupo leo. Amesema akija nitamwangalia yeye badala ya kuwaangalia nyinyi.

Bado ninafuatiliwa. Kipimo kingine ni mwezi ujao, na sitawadanganya, nimeshaanza kukiwaza. Tofauti ni kwamba mkuu wa shule anajua, mama anajua, na yule mhusika niliyekuwa sijamwambia kitu naye anajua, amesema atakuja kukaa benchi na mimi.

Ninachowaachia ni hiki. Humu ndani yupo mtu ambaye ameambiwa arudi hospitali na hajarudi. Simjui ni nani, lakini namjua kabisa. Ndugu yangu, sikulaumu. Tukimaliza dua, wengine wakienda kwenye chai, mimi nitabaki pale kwenye kona ya dirisha na simu yangu ina chaji. Njoo tupige pamoja. Ukishindwa kuongea, nitaongea mimi. Kuongea ninaweza, mwenyekiti ni shahidi.