Mzee Mbali Anakabidhi Lenzi

Ameandika Rosemery Kassian, Kitengo cha Picha

Ndugu yetu Fridolin Anselim amekitumikia Kituo cha Elimu ya Mkulima Lumemo kwa miaka thelathini na miwili, na anastaafu rasmi tarehe 31 Machi mwaka huu. Aliajiriwa kubeba stendi ya kamera, akapanda hadi mpiga picha msaidizi, na kwa muda mrefu sasa ndiye mpiga picha mkuu. Kama ulijifunza kupandikiza mpunga kwa kutazama filamu zetu, iwe Ifakara au Mlimba, basi ulitazama kwa jicho lake.

Tuseme ukweli mapema, maana mwenyewe hajawahi kuuficha: Fridolin ni mwoga. Anaogopa maji, anaogopa viboko, anaogopa kila kiumbe chenye pembe. Ndiyo sababu aliipenda lenzi ndefu, ile inayomvuta mtu wa mbali akaonekana yuko hapa puani. Wenzake tulikuwa tukishika lenzi fupi na kumsogelea mkulima, tope magotini, na yeye amesimama kwenye tuta la mwisho, gari likiwa nyuma yake na mlango wazi. Tukamwita Mzee Mbali. Alilipokea jina kwa furaha, akatukumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Kicheko kilitukauka siku moja kijijini Mchombe. Tulikuwa tumepeleka filamu ya palizi tuliyoipiga hapo hapo siku chache kabla, tukaionyesha mchana katika darasa lililozibwa madirisha kwa vitenge. Wiki hiyo mpunga wa mkulima mmoja, Vitus, ulikuwa umeliwa vibaya na mlaji hakuonekana. Katika filamu, jirani yake Eveline alikuwa akionyesha namna ya kung'oa magugu, na nyuma yake lilionekana jaruba la Vitus. Ndani ya jaruba hilo, vichwa chini, walionekana ng'ombe.

Vitus aliinuka, akaifuata picha ukutani mpaka akaigusa kwa kidole.

"Ng'ombe wa Nkwabi hawa," alisema. "Wamo ndani ya mpunga wangu."

Hakupaza sauti, na hilo lilitutisha zaidi. Nkwabi ni mfugaji mwenye boma ng'ambo ya kijito, na mkewe, Sikitu, alikuwa amekaa benchi la mbele na mtoto mgongoni, kwa kuwa nao hulima mpunga. Wanaume walitoka, wakarudi na mapanga na mafyekeo, wakasimama mlangoni. Eveline alihama kimya kimya akaketi kando ya Sikitu. Sote tulijua mambo ya wakulima na wafugaji yakifika hapo huishia wapi, na hakuna aliyetaka kuyataja.

Fridolin alikuwa amesimama karibu na projekta. 

"Picha hii inadanganya," alisema. "Mimi ndiye niliyeifundisha uongo, kwa kuogopa kusogea."

Alieleza kwamba siku ya kupiga filamu ng'ombe walikuwa ng'ambo ya kijito, na kwamba lenzi ndefu humeza nafasi iliyopo kati ya vitu, ikavibandika pamoja. Kijito chenyewe hakikuonekana kwa kuwa kimejificha chini ya kingo zake. Hakuna aliyeafiki. Walisema macho yao si ya watoto, na kama anasema kweli akawaonyeshe shambani. Tukaenda, na tulipofika, ng'ambo hapakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuonyesha.

Ilibidi mtu avuke akamwite Nkwabi. Sikitu alikatazwa kwenda, asije akaitorosha mifugo. Sisi wa Kituo kila mmoja alitazama viatu vyake. Fridolin alivivua vya kwake, akaingia majini, mahali ambapo wakati wa masika mamba wamewahi kuonekana. Maji yalimfika kiunoni. Tulimsikia akisali Baba Yetu kwa sauti, akirudia mstari wa mwisho tu, ule wa kuokolewa maovuni.

Nkwabi husimulia kwamba alimwona mtu mzima amelowa, anatetemeka, hawezi hata kuitikia salamu. Hakumuuliza lolote. Alimwambia neno moja: "Karibu."

Fridolin alimweleza yote, hata mapanga, ingawa alihofu Nkwabi angekataa. Nkwabi alichukua fimbo na kuwaswaga ng'ombe hadi pale walipokuwa wakila nyasi siku ile. Akasimama nao, peke yake, wazi, akitazamana na watu waliokuwa wakimsubiri na mapanga.

Fridolin alivuka tena, akarudi kwenye tuta la mwisho alipopigia filamu, akafunga lenzi ndefu, akamwita Vitus achungulie. Vitus aliona ng'ombe katikati ya mpunga wake. Akatoa jicho kwenye kamera: ng'ombe wako ng'ambo, na Nkwabi kando yao. Akachungulia tena, akatoa jicho tena. Mwisho alilikita panga kwenye tuta, akauliza ni nani basi aliyekula mpunga wake. Wengine husema kiboko. Hadi leo haijajulikana. Sikitu alivuka na mtoto wake kwenda kwa mumewe, na hakuna aliyemzuia.

Filamu ile Fridolin aliipiga upya yote kwa lenzi fupi, karibu kiasi kwamba fahali alipumua juu ya kioo. Uoga haukumtoka. Ila tangu hapo, kila aliyetaka kuchagua lenzi mbele yake aliulizwa kwanza anaogopa nini. Wapiga picha wengi wa bonde hili wamepita mikononi mwake, na wote wanalijua swali hilo.

Ijumaa iliyopita alinikabidhi lenzi zote mbili, zimefungwa katika kitenge cha mkewe, Yosefina.  Kijito kimejaa, mpunga wa Mchombe umeanza kubeba masuke, ng'ombe wamerudi ng'ambo, na wiki ijayo tunakwenda huko bila yeye. Naogopa, na nimeandika hapa ili ajue.

Mzee Mbali, asante kwa kuvuka. Wewe na mama Yosefina tunawaombea siku za amani hapo nyumbani kwenu Mlabani, miguu mikavu, na majirani wasiofuga chenye pembe. Lakini ukisikia hodi, na ukatukuta mlangoni tumelowa, tunatetemeka, hatuwezi hata kuitikia salamu, usituulize lolote. Tuambie neno lile la Nkwabi.