Ukurasa wa Bibi Nakala Uliosubiri Kujaribiwa

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliosafiri kuja kutushika mkono, familia imempa kazi ya kusoma historia hii mdogo wake marehemu, fundi cherehani ambaye wengi wenu mnamjua kwa sare za watoto wenu, naye anaomba mumvumilie akisoma polepole, kwa sababu ya yaliyotokea jana saa nne asubuhi, ambayo mtayasikia humu humu mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa stoo ya vipuri na mkewe muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana, na waliomlea wanasema alikuwa mtoto wa kuhakikisha mambo, asiyelala mpaka ameushika mlango kwa mkono wake akaona umefungwa, na akitumwa dukani aliyarudia maneno ya kutumwa njia nzima mpaka watu wakadhani anaongea peke yake. Ndugu zake walimcheka sana. Hawakujua kwamba ule ulikuwa woga, na kwamba ungekua pamoja naye.

Alianza darasa la kwanza Januari 1982, akamaliza la saba mwaka 1988, akasoma sekondari hadi Novemba 1992, kisha akasomea uhazili na utunzaji wa kumbukumbu, akapata cheti tarehe 30 Juni 1995, mwalimu wake akiandika kwenye taarifa kwamba ni hodari lakini anachelewa kukabidhi kazi, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana kila kazi aliisoma mara nne kabla ya kuiachia.

Tarehe 1 Februari 1996 aliajiriwa na idara ya maji kuwa mtunza kumbukumbu, akatumikia miaka ishirini na saba katika chumba cha ghorofa ya chini chenye makabati ya chuma kumi na moja na dirisha moja linalotazama ukuta, na humo humo akakutana na fundi bomba aliyekuja kutafuta ramani ya mabomba akawa anairudia kila wiki ramani ile ile, mpaka wakafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 11 Desemba 1999, wakajaliwa binti tarehe 3 Septemba 2001 na mwana tarehe 22 Januari 2005.

Kompyuta za idara zilipojaa, mwaka 2010, mhandisi mmoja alimwonyesha programu ya kubana mafaili, isiyouzwa, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani ambao hawalipwi na wengi hawajawahi kuonana, nayo huchukua mafaili mengi ikayafanya furushi moja dogo, kama mtu anavyokandamiza nguo kwenye begi ili zipu ifunge. Programu ilikuwa nzuri, ila maelekezo yake hayakuwepo kwa Kiswahili, na yaliyokuwepo kwa lugha nyingine yaliandikwa na watu waliosahau kwamba hata wao kuna siku hawakujua. Marehemu akajiunga na kundi lile, akaanza kuandika mwongozo, ukurasa kwa ukurasa, kila akitoka kazini.

Machi 2013 aliandika ukurasa wa namna ya kutengeneza furushi, na katika mstari mmoja wa mfano akapindua mpangilio, kwani programu hii hutaka jina la furushi jipya litangulie na majina ya mafaili yafuate, ukitanguliza faili lako, programu haikuulizi mara mbili, inaandika juu yake, na kilichokuwemo kinapotea. Tarehe 6 Mei ikaja barua pepe ya karani wa zahanati, mtu asiyemjua, wa nchi ambayo hakuwahi kufika, akisema kwa adabu kwamba amefuata mfano neno kwa neno, daftari la chanjo za watoto la miezi mitatu limekwenda, je, kuna njia ya kulirudisha. Njia haikuwepo. Marehemu aliunyoosha mstari ule siku hiyo hiyo, akamwandikia karani, akamwandikia tena na tena, karani hakujibu, na hakuna aliyepata kujua kama yuko mtoto ambaye hakuitwa siku yake ya sindano kwa sababu jina lake halikuwa limeandikwa popote. Mumewe anasema tangu hapo, mtoto wa jirani akikohoa, mkewe alikuwa anasimama. Aliogopa, na isemwe wazi mbele yenu, aliogopa miaka kumi na moja, hata siku alizokuwa anacheka nanyi.

Kwa miezi minane hakugusa mwongozo, kisha akarudi kundini na masharti mawili, kwamba kila ukurasa uanze na mstari wa kumwambia msomaji apige nakala, na kwamba ukurasa usitolewe kabla mtu asiyejua kompyuta hajaufuata kwa mkono wake, mwandishi amekaa pembeni kafunga mdomo. Wenzake wakamwita Bibi Nakala, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima. Mtu wake asiyejua kompyuta akawa huyu fundi cherehani, ambaye kompyuta aliijua kwa kuipangusa vumbi tu, akakalishwa mezani kila Jumapili mchana, na akikwama akauliza, "Sasa dada, hapa nibonyeze nini?" jibu lilikuwa lile lile, "Usiniulize mimi, uliza ukurasa." Kurasa mia moja na kumi na nne zilipita katika vidole hivi, na sheria yake ilikuwa moja, afanye kilichoandikwa, asiongeze wala asipunguze.

Agosti 2022 figo za marehemu zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akaacha kazi tarehe 28 Februari 2023, lakini mwongozo hakuuacha. Aliurekebisha wote, akauweka katika faili moja kwenye kompyuta ya nyumbani, na kwa sababu ya woga ule hakuutuma, akisubiri ukurasa wa mwisho ujaribiwe, na Bibi Nakala mwenyewe, kwa uchovu wa ugonjwa, hakuwa amepiga nakala tangu Mei 2023. Jumatatu tarehe 8 Aprili 2024, wodini, alimshika mdogo wake mkono akamwambia, "Usiutume kabla hujaujaribu, wewe mwenyewe. Nimeuandika macho yakiwa hayaoni vizuri, naogopa." Alifariki Alhamisi tarehe 11 Aprili, saa tatu asubuhi, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda chake, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa na miezi kumi.

Jana, viti vikipangwa uani, mdogo wake alikaa mezani. Ukurasa ulieleza namna ya kufungasha mwongozo mzima ili utumwe, kwa hiyo hakukuwa na faili la kujifunzia, lilikuwa lile lile, kazi yote. Akafuata hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaandika mstari wa nne, kidole kikawa tayari juu ya kitufe, ndipo akahisi kuna kitu hajakisoma, ule mstari wa nakala haupo. Binti akamwambia, "Mjomba, fuata tu, mama hakosei." Wa kumuuliza hakuwepo tena. Basi kwa mara ya kwanza akavunja sheria ya dada yake, akanakili faili kwenye flashi, akaichomoa, akampa shemeji yake aishike mkononi, kisha akabonyeza. Kioo kikaandika kwamba furushi halionekani, wakafungua faili la mwongozo, wakalikuta tupu, juu mpaka chini. Ukelele wa binti mliousikia uani jana mkadhani ni kilio kimeanza upya, ulikuwa huo. Shemeji akafumbua kiganja, flashi ikarudishwa, na mwongozo wote ulikuwemo.

Mstari wa nne ulikuwa umepinduka, kosa lile lile la mwaka 2013. Wakaunyoosha, wakaongeza mstari wa nakala, mume wa marehemu akajaribu, jirani akajaribu, na saa nane mchana mwongozo ukatumwa. Kundi limemwomba fundi aendelee kujaribu kurasa, naye amekubali huku akiogopa, maana anajua kilichobaki kati ya kazi ile na kupotea kilikuwa kidole kimoja, na hicho kidole ni chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliobeba viti na maji, idara ya maji iliyotoa gari, na watu wa kujitolea wa mbali ambao tangu jana wanaandika salamu bila kutujua sura. Na karani wa zahanati, popote ulipo, kama watoto wale waliitwa, tafadhali tuambie, na kama hawakuitwa, tunakuomba radhi kwa niaba yake.

Dada, ulikuwa na haki ya kuogopa. Ukurasa umejaribiwa, nakala ziko tatu. Pumzika kwa amani.