Mzee Zamu na Makutano ya Barabara Mbili

Marehemu baba yetu, ambaye wengi walimwita Mzee Zamu, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tano kati ya tisa. Bafu lilikuwa moja. Dada yake husema marehemu alizijua foleni kabla hajajua kutembea.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1973. Mwaka uliofuata aliajiriwa idara ya barabara, chumba namba sita. Kazi ya kwanza ilikuwa kukaa juu ya kigoda na daftari, akihesabu magari pale barabara ya viwandani inapoingia barabara kuu.

Hapo ndipo alipompata mama, fundi cherehani aliyepita kila asubuhi akimwona. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Kaka, unahesabu nini?"

"Magari."

"Kwani yamepotea?"

Marehemu alicheka mpaka magari kumi na mawili yakapita bila kuandikwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu.

Miaka mingi alitafuta kwa hesabu kwa nini magari hukwama barabara mbili zinapokuwa moja. Nyumbani alimwaga maharage na choroko mezani, akayasukuma kupitia shingo ya chupa iliyokatwa. Aliona kwamba yakipita kwa zamu, moja la huku, moja la kule, hayakwami. Chakula cha usiku kilichelewa mara nyingi kwa kuwa kilikuwa bado kwenye utafiti. Lakini hesabu ile ilipofika barabarani, ikagoma.

"Baba watoto," mama akamwambia, "maharage hayana kiburi. Muulize kaka yangu."

Kaka yake mama ni dereva wa lori, na hajawahi kuona upenyo asichomekee mbele ya wenzake. Marehemu alipanda lori lile wiki tatu, ameshika saa mkononi na roho mdomoni. Akarudi na tarakimu moja, ya mara ngapi dereva mwenye haraka huchomekea, akaiingiza kwenye hesabu na kuiita "kipimo cha shemeji". Hesabu ikakubali, ikaonyesha hasa pa kuweka vigingi vya kuwazuia wanaochomekea. Mwaka 1996 vigingi vikasimamishwa pamoja na kibao cha "Pita kwa zamu", na foleni ya dakika arobaini ikawa ya dakika kumi na nne. Shemeji aling'oa vigingi viwili wiki ya kwanza, na kibao chenyewe hajakitii hadi leo.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Mkwe wake mdogo alipojifungua mapacha, nao walipoanza uji akashindwa kuwalisha wote wawili, marehemu ndiye aliyevuta kiti na kumwelekeza: kijiko huku, kijiko kule. Na kweli, hakuna aliyelia.

Januari 2024 aliugua moyo. Daktari alipomchorea mishipa iliyoziba, aliomba kalamu akausahihisha mchoro. Siku za mwisho alimwita shemeji yake kitandani.

"Utaniendesha wewe. Pale makutano, usubiri zamu."

"Shemeji, maiti haisubirishwi!"

"Mimi nitakuwa na haraka gani?"

Shemeji alivaa kofia yake akatoka kuliangalia lori. Hakuahidi. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na mbili asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja na shemeji mmoja, ambaye jana jioni alionekana pale makutano, ameshuka kwenye lori, akikisoma kibao.

Tukitoka hapa, msafara utapitia makutano yale. Tunawaomba msipige honi wala msiombe njia. Gari moja la msafara, gari moja la wapita njia. Shemeji atatangulia na jeneza, na amesema atasubiri.

Baba, zamu yako imefika. Pumzika kwa amani.