Joto Chini ya Mablanketi

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mmenitaka niseme katika kikao chetu hiki cha wafiwa, na mimi kusema sikuzoea; kazi yangu ni zege. Basi nitakuhadithieni habari za zege, na humo mtaniona mwenyewe.

Mke wangu alifariki baridi ilipoanza. Matanga yalipokwisha, mama mkwe wangu aliniambia, "Mwanangu, njoo na mtoto mkae kwangu hapa Khuwair. Vyumba vimejaa tele." Nikamshukuru, nikamwambia sisi tutabaki kwetu Amerat, ng'ambo ya majabali, tutaweza.

Na kweli, kwa macho ya watu nikiweza. Nikipika, nikifua, nikimpeleka binti yangu skuli, kisha nikenda kazini. Lakini nilikuwa sisemi. Nyumba yetu ikawa kama imezama majini: unaona midomo ya mtu inacheza, sauti haifiki. Jina la mama yake halikutoka kinywani mwangu hata mara moja. Siku moja binti yangu akaniuliza, "Baba, nnaweza kukaa kwa bibi mpaka upone?"

"Mimi siumwi, mwanangu."

Alifungasha nguo zake, akachukua na mto wake. Ndugu zangu, nawaambia, mtoto akichukua mto wake, haendi kwa wikiendi. Niliporudi peke yangu, nikiyapita yale majabali ya Amerat, niliona nimempoteza na huyu, na huyu yu hai.

Shemeji yangu, kaka yake marehemu, alikuwa akijenga nyumba ndogo Jabal Akhdar, juu milimani kwenye baridi kali. Akaniomba nikamsimamie ujenzi. Nikakubali, maana huko juu hakuna aliyenijua.

Sisi watu wa Maskati zege tumejifunza kwa vita na jua. Tunamwaga jua likishatua, tunatia barafu katika maji, kisha tunalifunika kwa magunia yaliyorowa. Mikono yetu haijui njia nyengine. Basi tulipomwaga ngazi kule jabalini, mikono ikafanya iliyoyazoea. Barafu tu hatukutia. Asubuhi magunia yamekauka kama mbao, maji ndani yake yameganda. Shemeji akakanyaga ngazi ya kwanza, ikamomonyoka ukingoni.

"Sheikh," akasema, "nilitaka ngazi. Hii halua umemletea nani?"

Nilicheka. Sauti ikanishtua, kama ya mtu mwengine.

Tukavunja ngazi zile, nikakaa kusoma. Sikusomea ujenzi darasani. Kila ninachokijua nimekisoma mwenyewe na kukijaribu. Nikafahamu hivi: saruji ikikutana na maji hutoa joto lake yenyewe. Baridi peke yake hulichelewesha zege kukomaa. Kinacholiharibu ni maji yaliyomo kuganda kabla halijapata nguvu. Kwa hivyo unamwaga jua likishapanda, kwa maji yaliyopashwa moto, unalifunika nailoni, juu yake mablanketi makavu, na mbao zinazolishikilia unaziacha muda mrefu kuliko ulivyozoea. Blanketi halina joto la kulipatia zege. Linazuia lile la zege lisitoroke.

Tukamwaga upya. Shemeji akateremka kijijini, akarudi na gari imejaa mablanketi ya kuazima, mengine ya maua mekundu, moja lina picha ya chui. Tukazifunika ngazi kama watoto waliolala.

Asubuhi, baada ya sala, nilitoka peke yangu. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, mikomamanga imesimama bila ya majani, na kimya kile sijui kama kilikuwa cha dunia hii. Mawe yote yameshika sakitu, ule umande ulioganda. Nikapiga magoti, nikatia mkono chini ya blanketi la chui.

Kulikuwa na joto. Joto la ubavu wa mtu aliyelala.

Nikalia pale pale, kilio ambacho siku ya maziko hakikunijia. Shemeji alinikuta. Hakuniambia jikaze. Alivuta blanketi moja la akiba akanitupia mabegani, akakaa. Nilipomaliza akasema, "Dada yangu angekucheka, umekumbatia ngazi."

"Angenicheka," nikasema. Nikalitaja jina lake.

Ngazi zilipokomaa niliteremka Maskati, nikasimama mlangoni kwa mama mkwe wangu.

"Mama, kile chumba bado kipo?"

"Kipo. Vua viatu, usinijazie saruji ndani."

Binti yangu akatoka jikoni, akanusa. "Baba, unanuka moshi."

"Tulikuwa tukichemsha maji ya zege."

"Zege linachemshiwa maji?" Akakaa chini asikilize. Nikamweleza yote, mpaka mikomamanga, kisha nikamwambia jinsi mama yake alivyokuwa akiogopa baridi, akilala na soksi hata katika joto la mwezi wa sita kwa sababu ya eyakondishan. Alicheka huku akilia. Usiku ule mimi na yeye tulilala chini ya dari moja.

Namshukuru Mola. Namshukuru mama yangu huyu ambaye hakunihesabia jibu langu la kwanza, na shemeji kwa mablanketi, na nyinyi wa kikao hiki. Nilichojifunza ni kidogo: mfiwa hakuzimika, joto lake analo. Aachiwe muda, na akubali kufunikwa.

Na wewe ndugu yetu mgeni, uliyekaa hapo karibu na mlango, leo usitwambie kitu. Sogea huku ndani tu, kahawa inakuja.