Mama Pasi, Aliyefanywa Mjane Mumewe Akiwa Hai

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne kati ya saba. Mama yake alikuwa akisema huyu alikuja duniani amekunja uso, kama mtu aliyeamshwa kwa kosa la mwingine.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimkubali, kuimba kukamkataa. Kwaya ilimfukuza kwa kumsahihisha mwalimu mbele za watu. Mwalimu alikuwa amekosea kweli.

Mwaka 1969 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, akadumu huko mpaka alipostaafu mwaka 2006. Shuka iliyopita chini ya pasi yake ilikuwa nusura isimame yenyewe. Madaktari walimjia na makoti yao: "Mama Pasi, niokoe, nina kikao." Naye: "Koti limekunjamana kuliko mgonjwa wako. Weka hapo, mwanangu."

Alifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1973 na fundi baiskeli, mwanamume mwenye kila sifa isipokuwa kutulia. Mwaka 1981 mchoraji aliyepanga chumba chao cha mbele aliomba awachore wawili hao wamekaa. Fundi hakuwahi hata kukipasha kiti moto. Mteja akaita nje, "Fundi, pancha!" naye huyo. Pancha ikazaa breki, breki ikazaa mnyororo. Mchoraji akachora alichobakiwa nacho: kiti kitupu, na mama mwenye gauni jeusi, maana jeusi linaficha madoa ya kazini. Macho yake yalikuwa mlangoni. Watoto wake wanayajua macho hayo. Maana yake ni moja tu: ngoja urudi.

Mchoraji akahama, baadaye akafariki, picha ikazunguka ilikozunguka. Mwaka 2013 binti wa marehemu, ambaye ni mwalimu, alipeleka wanafunzi wake jumba la sanaa la mkoa. Alirudi nyumbani anahema.

"Mama, upo ukutani kule. Na baba amekufa."

Baba, kikombe cha chai mkononi: "Nimekufa na nini?"

Wakaenda wote, fundi kavaa suti. Kweli, chini ya picha palikuwa na kibao kimeandikwa "Mjane". Marehemu akamuuliza kijana anayeongoza wageni ni nani kasema hivyo.

"Wataalamu, mama. Tazama upweke wa kile kiti. Tazama majonzi ya macho."

"Majonzi? Hiyo ni hasira, mwanangu! Mwenye kiti huyu hapa, muulize alikuwa wapi."

Fundi akanyoosha mkono kama yuko darasani: "Nilikuwa naziba pancha."

Kijana akacheka, akadhani ni utani. Akaitwa mkuu wa jumba, mtu wa tai na manukato, akasema jina limeshazoeleka, kulibadilisha kutawachanganya wageni. Na jina lenyewe mchoraji hakulitoa! Walilitunga wao, mwenyewe akiwa kaburini, na nyumba ya Mama Pasi iko mwendo wa kwenda kununua chumvi. Hakuna aliyebisha hodi. Wamesoma mpaka wakasahau kuuliza?

Tangu hapo kila Alhamisi alimvuta mumewe mpaka jumbani na kumsimamisha kando ya picha, wageni wamwone. Mlinzi akilalamika, "Bibi, mzee asiegemee ukuta," alijibiwa, "Haegemei kitu. Anaishi tu."

Mwaka 2020 figo zilianza kumsumbua. Maumivu aliyavumilia; kibao hakikuvumilika. Alitaka kitolewe macho yake yakiona. Tena alihofia jambo moja, akamwambia mumewe wazi: "Usithubutu kunitangulia. Watasema waliona mbali." Fundi, aliyekuwa anakwepa vidonge vya presha kama paka anavyokwepa maji, akaanza kuvimeza bila kusukumwa. Mwezi Julai mwaka huu binti alikwenda tena jumbani kumwombea mama yake. Akaambiwa suala linafanyiwa kazi. Kazi gani, ya kung'oa skrubu mbili? Mpaka jana kibao kilikuwa palepale.

Mama Pasi alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Septemba 2022, katika hospitali aliyoitumikia, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Haya, nimekutangulia. Sasa na waseme."

Ameacha watoto watatu, mwalimu, dereva wa lori na fundi umeme, wajukuu wanane, wadogo zake wawili, na mume. Mume yupo hai, amekaa mstari wa mbele, mwenye shaka aje ampe mkono. Aliyefiwa na mwenzake ni yeye. Marehemu hakuwa mjane hata siku moja, na jumba la sanaa likitaka ushahidi, limlete mtaalamu wake hapa kaburini.

Pumzika kwa amani, mke wa mtu.