Ndege Inaita Suna

Benchi letu liko nje ya duka la Javan, hapa Suna, na tangu anunue redio ya mawimbi mafupi hakuna anayewahi nyumbani. Amepitisha waya juu ya paa, na jioni hunasa marubani wakiongea huku wakivuka bahari kwenda Amerika. Mtu yuko juu ya maji yasiyo na mwisho, nasi huku tunamsikia akikohoa! Mimi sijapata kusikia kitu kitamu hivyo. Lakini jana utani ulipungua. Dishon, mtoto wa Marcella muuza chai wetu, alikuwa angani akienda kusoma Amerika, na mama yake hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Redio ikakoroma, mara sauti ikaita, ikaita tena.

— Mmesikia? Javan akaruka. Ameita Suna!

— Suna gani, omera, ndugu yangu? nikamuuliza. Hii yetu?

— Kwani wewe uko na ingine?

Gichana, fundi cherehani tunayemwita Bwana Sheria, akakohoa kama yuko kortini.

— Hiyo ni lazima. Ndege haiwezi vuka maji bila kutaja nyumbani kwa kila abiria.

— Abiria mia moja? Javan akasema. Si watafika Krismasi!

— Basi ni Dishon amemtuma, Gichana akajibu. Na vile huyo kijana ana mdomo, saa hii ameshika usukani.

— Kesho atatua nayo hapa sokoni! nikaongeza.

Tukacheka. Marcella hakucheka.

Elijah, aliyewahi kuwa askari ng'ambo, alikuwa amesimama akingoja chai.

— Si Suna, jamani. Anasema Shannon. Ni mji huko Ulaya, ndege zikivuka zinaripoti hapo.

— Kumbe hata Wazungu wako na Suna yao! Javan akasema, na nadhani alifurahi zaidi.

— Hiyo ya mji mimi sijui, Marcella akasema. Lakini huyo mtu anaita tu, anaita tu. Nani anamjibu?

Javan akazungusha kifundo cha redio, akakirudisha. Kweli, hatujawahi kusikia jibu, hata siku moja.

Marcella akaweka birika chini, akaiinamia redio.

— Dishon, tuko. Suna iko. Tunakusikia, baba.

Redio ikakwaruza. Kisha yule rubani, waziwazi:

— Roja.

Hakuna aliyethubutu kucheka.

— Roja ni nini? akauliza Marcella.

Elijah akavua kofia.

— Ni kusema amekusikia, mama.

Marcella akamimina chai. Kikombe cha kwanza akanywa mwenyewe.