Mama Ndungu Amekataa Kutia Sahihi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili kazini, Bi. Devota Libenanga, mkuu wa kitengo chetu cha samaki hapa Ifakara, anastaafu. Zipo ofisi zitakazoshusha pumzi. Zisiharakishe.

Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia ndungu, samaki wa Mto Kilombero. Huwashonea tumboni kidude cha redio, akawaachia mtoni, kisha akakaa kwenye mtumbwi na antena kusikiliza wanaelekea wapi. Ndiyo maana wavuvi wanamwita Mama Ndungu.

Mwaka fulani ndungu mmoja alitushangaza: aliuacha mto, akashika barabara, akatulia mtaa wa Viwanja Sitini. Tulimfuata na antena hadi uani kwa Mama Kandida, mchuuzi, tukamkuta kwenye beseni akingoja kubanikwa. Sisi tulitaka kufoka. Devota akatoa shikamoo, akaketi, akamla samaki yule kwa wali, akaondoka na kidude. Tangu hapo wavuvi wote huvirudisha vidude kupitia kwa mama huyo. Mpaka leo tunamtania Devota kwamba amekula utafiti wake mwenyewe.

Vidude hivyo, na vipande vya mapezi alivyovipima maabara, vilionyesha kwamba ndungu wa juu na wa chini ya bonde ni ukoo mmoja. Mvua zikianza hupanda mto kwenda kutaga. Basi lilipokuja pendekezo la bwawa lisilo na njia ya samaki, aliandika waziwazi kwenye ripoti: ukuta huu ukijengwa hivi, ndungu watakwisha.

Wakubwa wakamletea nakala nyingine, sentensi hiyo imefutwa. Akakataa kutia sahihi. Akaitwa mpinga maendeleo. Akasema umeme anautaka sana, ila kimya chake hakiuzwi. Wakamnyang'anya gari. Akawa anakwenda mtoni kwa bodaboda, antena begani, matope mpaka kwenye nywele. Sisi tulikasirika na, tuseme ukweli, tuliogopa. Yeye alituambia tushike makasia.

Sasa wanasubiri aondoke ili sahihi itoke kwa mrithi wake. Mrithi mwenyewe ni mimi, Herieth, niliyefundishwa naye kumshona samaki bila kumuua.

Dada Devota, asante kwa yote. Nenda kijijini Kisawasawa ukalime mpunga wako, ule ushibe, ulale bila kengele ya kukuamsha. Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha.

Jana wameniletea ile nakala. Nimeirudisha bila sahihi.